Mpaka Fort Madison kwa Ajili ya Kalamu

Treni ya Southwest Chief huondoka Chicago alasiri, na wengi wanaoipanda wanakwenda mbali: Kansas City, Albuquerque, Los Angeles. Wa Fort Madison tulikuwa wachache. Kondakta alipochomeka kikaratasi cha kituo juu ya kiti changu aliniuliza kama nina ndugu gerezani. Mji ule una gereza kuu la jimbo la Iowa tangu karne ya 19, na mgeni anayeshuka pale peke yake mara nyingi amemfuata mfungwa. Nikamwambia nimefuata kalamu. Alinitazama kidogo, akasogea kwa abiria wa nyuma yangu.

Magharibi mwa Illinois hakuna mlima wa kupumzishia jicho. Ni mashamba yaliyotifuliwa yakingoja mahindi, maghala ya nafaka ya bati, na vijiji ambavyo treni huvipita bila kupunguza mwendo. Baada ya Galesburg jua likaanza kushuka mbele yetu, miti ikasogea karibu na reli, na mara tukawa juu ya maji. Mississippi pale ni mpana, wenye rangi ya chai ya maziwa, na daraja lake ni la ghorofa mbili: treni chini, magari juu. Lilifunguliwa mwaka 1927, na kipande kimoja chake huzunguka juu ya nguzo ili matishari ya nafaka yapite. Mto ndio wenye haki. Tishari likifika, treni husubiri. Sisi hatukusubiri. Tulivuka polepole, na kituo kikawa hapohapo upande wa pili.

Nilitaka kuona mahali ambapo wenzo uliingia kwenye kalamu ya wino. Kabla yake, kalamu nyingi zilijazwa kwa kudondosha: unafungua shingo, unatia wino tone kwa tone ndani ya bomba, unafunga, na kama mkono ulitetemeka unakwenda kunawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Conklin ya Toledo, Ohio, ilikuwa ikiuza kalamu yenye kifuko cha mpira ndani na kipande cha chuma cha umbo la hilali kilichochomoza ubavuni. Ukibonyeza hilali, kifuko kinabanwa. Ukiachia, kinavuta wino. Matangazo yao yalijisifu pia kwamba kalamu hiyo haibingiriki mezani. Inasimuliwa kwamba Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison, alisoma tangazo la namna hiyo akaona kuna njia nadhifu zaidi. Alibuni wenzo mwembamba unaolala sawasawa na ubavu wa kalamu. Ukiuinua, unasukuma bamba la chuma lililo ndani, na bamba linakandamiza kifuko. Hataza yake ilitolewa mwaka 1908. Mwaka 1912, akiwa na miaka 45, aliweka akiba yake yote, dola 35,000, akaanza kutengeneza kalamu katika chumba cha nyuma cha duka lake la vito akiwa na wafanyakazi saba. Kwetu mtu mwenye duka lake na umri huo akifanya hivyo, ukoo unaitisha kikao.

Makumbusho ya kalamu za Sheaffer yako katikati ya mji, kwenye mtaa wa maduka ya matofali, na mto hauko mbali. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani, upande wa nibu, yaani ncha ya kuandikia, ndiye aliyenitembeza kesho yake. Hakuwa mtu wa hotuba. Alinipitisha haraka mbele ya matangazo ya zamani, akasimama muda mrefu kwenye kalamu iitwayo Snorkel, ya mwaka 1952, ambayo hutoa mrija mwembamba chini ya nibu na kunyonya wino bila nibu yenyewe kulowa. Anaipenda mno. Mimi naiona ni kalamu iliyosoma kupita kiasi: sehemu nyingi, mipira mingi, na kila mpira utaoza kwa siku yake.

Tulipofika kwenye zile za miaka ya 1920 nilimuuliza kuhusu dhamana. Mwaka 1920 Sheaffer alianza kuuza kalamu aliyoiita Lifetime kwa dola 8.75, bei kubwa kwa wakati ule, akiahidi kuihudumia maisha yote ya mnunuzi. Kuanzia mwaka 1924 kalamu za daraja hilo zilitambulika kwa nukta nyeupe kwenye kifuniko. Je, nukta ile bado inadai chochote? Mzee alicheka bila furaha. Bic, haohao wa biki zetu za darasani, waliinunua kampuni mwaka 1997, na kufikia mwaka 2008 utengenezaji ulikuwa umeondoka Fort Madison. Baadaye jina likaenda kwa A.T. Cross wa Marekani, na mwaka 2022 likahamia kwa William Penn wa India. "Mwenye ahadi keshahama," alisema mzee, "lakini kalamu niletee, nitaifungua."

Hapo nilijiona nimeambiwa jambo lililonileta. Kalamu ya wenzo ya miaka 100 bado inaandika leo kwa sababu walioitengeneza walijua kifuko kitakufa, wakaifunga kwa namna inayofunguka. Dhamana ya karatasi imekufa na ofisi yake. Ile iliyomo kwenye ujenzi wa kalamu bado inafanya kazi kwa yeyote mwenye subira na kikausha nywele cha kupashia shingo yake.

Jioni ya siku hiyo shemeji alikuja kunichukua kwa gari kutoka Iowa City, mwendo kama wa saa moja na nusu kuelekea kaskazini. Ni mume wa binamu yangu, mtu wa Kisangani. Iowa City kuna Wakongo wengi, na dukani au kanisani si ajabu kusikia Kiswahili kikijibizana na Kilingala. UNESCO iliutangaza mji huo kuwa Mji wa Fasihi mwaka 2008 kwa ajili ya chuo kikuu chake na waandishi waliopita pale. Shemeji anaujua zaidi kwa zamu zake za usiku.

"Shemeji, ulitoka Dar mupaka huku juu ya kalamu?" aliniuliza tukiwa barabarani. Nikamweleza habari za wenzo, kifuko, na ebonaiti, ule mpira mgumu unaopikwa na kiberiti kingi mpaka uwe kama pembe, ambao ndio uliotengenezewa miili ya kalamu za enzi hizo. Akanyamaza kidogo. "Mwaka gani?" Nikamwambia hataza ni ya 1908. Alicheka kwa pumzi ya puani. Mwaka huohuo Mfalme Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji Kongo, nchi aliyokuwa ameifanya shamba lake la mpira, baada ya dunia kupiga kelele juu ya mikono iliyokatwa. "Basi hiyo mpira ni yetu," alisema. Sikuweza kumjibu ndiyo wala hapana. Mpira wa viwanda wa wakati ule ulitoka Amazon, ulitoka Kongo, ukauzwa Liverpool na Antwerp, ukachanganywa huko. Kalamu haina cheti cha kuzaliwa. Lakini tangu usiku ule siishiki kalamu ya ebonaiti ya kabla ya mwaka 1910 kwa wepesi niliokuwa nao zamani.

Kabla ya safari ya treni nilikuwa nimepita kwenye maonyesho ya kalamu ya Chicago, ambayo hufanyika hotelini wakati wa majira ya kuchipua. Ukumbi mzima ni meza, na kila meza ni sahani za mahameli zilizojaa kalamu. Anayeingia mara ya kwanza huangalia rangi. Mwenye uzoefu huuliza maswali mawili: kifuko kimebadilishwa lini, na nani kakibadilisha? Muuzaji akisema "wenzo unainuka vizuri", hajakujibu. Wenzo unaweza kuinuka vizuri kwa sababu ndani hakuna kitu.

Nilinunua moja ya bei rahisi kwa makusudi, Sheaffer ya seluloidi ya kijani ambayo wenzo wake ulikuwa umegoma. Kifuniko chake kilikuwa bado kijani kibichi, lakini mwili umegeuka kuwa na rangi ya zeituni iliyooza. Hiyo ni kazi ya kifuko: mpira unapozeeka hutoa gesi ya kiberiti, na seluloidi ya rangi nyepesi haivumilii. Kifuniko, kwa kuwa hakikai na kifuko, husalimika. Ukikuta kalamu ya aina hiyo mwili na kifuniko vimefanana rangi kabisa, ama una bahati ama mtu kaunganisha kalamu mbili.

Kwenye meza ya pembeni ndipo nilipompata fundi niliyekuwa namtafuta. Ni mama wa makamo, zamani mwalimu wa hisabati, anayekereza kalamu kwa oda kwenye karakana yake huko mashambani Iowa. Mafundi wa kalamu za oda ni wengi siku hizi, ila wengi wao hutumia pampu ndogo za kuchomeka zilizotengenezwa kiwandani. Unakereza mwili, unakata hesi, unachomeka, kazi imekwisha. Wenzo unataka zaidi. Lazima uchonge upenyo kwenye ubavu wa bomba bila kulipasua, uutundike wenzo ndani yake, na uukate kwa kipimo kinachoufanya ulale bila kuchungulia. Nilimwonyesha ile Sheaffer mgonjwa. Akasema nije nayo karakanani, tuifungue pamoja, ndipo tuzungumze oda. "Sipendi kumuuzia mtu kitu ambacho hajaona tumbo lake."

Shemeji alinipeleka akitoka zamuni, akalala garini. Karakana ilikuwa banda lililogeuzwa, safi kupita jiko, na mashine ya kukerezea imekaa dirishani. Tulianza na ugonjwa. Alipasha shingo ya kalamu kwa hewa ya moto, akiizungusha, akiigusa shavuni mara kwa mara kupima joto. Seluloidi haipelekwi karibu na moto wa wazi hata siku moja, maana inashika na kuwaka mara moja. Ilipopata joto ilitoa harufu ya kafuri, kwa sababu kafuri ni sehemu ya mchanganyiko wake, na mtu wa pwani akisikia kafuri hufikiri sanda. Nilimweleza. Alisita, kisha akasema kwake ni harufu ya Jumatatu.

Shingo ilipolegea aliishika kwa kipande cha mpira na kuitoa kwa kuinyonganyonga kidogo. Kifuko cha zamani kilitoka vipandevipande, kigumu kama ganda la yai lililokauka. Hicho ndicho kilichokuwa kimeuzuia wenzo. Anayelazimisha wenzo uliogoma huupinda, au huupasua ubavu, na hapo kalamu ya kuponyeka kwa kifuko cha bei ndogo inageuka kuwa vipuri. Akavuta bamba, akalisugua kutu, akakwangua mabaki ya gundi kwenye kichuchu cha shingo.

Vifuko vipya huuzwa kwa namba. Namba ni upana kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo namba 16 ni robo ya inchi kamili. Alijaribu namba kadhaa kwenye bomba: kifuko kiingie bila kusuguana na bamba, ila kisiwe chembamba kiasi cha kubeba wino wa barua moja tu. Akakikata urefu usiogusa mwisho wa bomba. Kisha akapaka shelaki kwenye kichuchu, tabaka jembamba, akakitanua kifuko kwa koleo na kukivalisha. Shelaki ni utomvu wa wadudu wa India ulioyeyushwa kwa spiriti. Inashika vya kutosha kuzuia wino, na inaachia ikipata joto. Ilipokauka alikipaka kifuko poda ya talki tupu, isiyo na manukato, ili bamba liteleze juu yake, akairudisha shingo mahali pake kwa msuguano peke yake.

"Sasa angalia," alisema. Alizamisha nibu yote kwenye glasi ya maji, akainua wenzo, mapovu yakatoka. Akaushusha, akahesabu polepole mpaka kumi bila kuitoa kalamu majini. Kuhesabu huko ndiko watu wengi wanakoruka. Kifuko hakivuti kwa papara. Kinajirudisha umbo taratibu, na wino unasukumwa ndani na uzito wa hewa. Ukiitoa mapema umejaza povu.

Ndipo tukafika kwenye kalamu yangu. Alinipa vijiti vya unene tofauti na kuniandikisha ukurasa mzima kwa kila kimoja, akinisemesha habari za Dar es Salaam ili nisahau kwamba natazamwa. Alitaka kujua vidole vyangu vinatua wapi mkono ukichoka, siyo mwanzoni. Tukakubaliana shingo ya milimita 10.5, nibu ya dhahabu ya karati 14 ya mstari mwembamba, hakuna kishikizo cha mfukoni. Kwa mwili nilichagua ebonaiti ya Ujerumani yenye mawimbi mekundu na meusi. Ebonaiti haichukizwi na gesi ya kifuko kama seluloidi, ingawa jua kali na maji ya kulowekwa huifubaza iwe hudhurungi.

Kwenye rafu niliona kigogo cheusi nilichokifahamu kabla ya kuambiwa. Mpingo. Alikuwa ameununua kwa watengeneza zumari za magharibi, nao waliutoa Tanzania. Nilimuuliza kama wenzo unaweza kuingia kwenye mpingo. Alikataa palepale: ukuta wa bomba kwenye upenyo ni mwembamba, na mti, hata mgumu namna ile, hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Atanitengenezea kalamu ya mpingo nikitaka, yenye pampu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote, maana angeweza kuniuzia hisia za nyumbani kwa bei ya juu na nisingelalamika.

Swali langu la mwisho lilikuwa lile lililotoka Fort Madison: itafungukaje? Alinionyesha mwili uliokuwa nusu ya kazi. Sheaffer alipitisha pini kwenye ukuta wa bomba ili wenzo uning'inie. Yeye anafuata njia ya kampuni za Esterbrook na Conway Stewart: pete ya waya iliyokatwa sehemu moja hukaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya bomba, na wenzo unaning'inia kwenye pete. Pete inatoka kwa kuibana. Shingo haina gundi yoyote. "Kuna wenzangu wanaoziba kwa gundi ya kisasa isiyoachia," alisema. "Siku kifuko kikifa, mteja anawatumia kalamu, na wao wanamtumia bei." Nikalipa kianzio. Bei yote ilikuwa ya mamia ya dola, na foleni yake ni ya miezi. Kwenye bahasha ya risiti alinitilia vifuko vya akiba na kichupa cha shelaki kilichozungushiwa mkanda wa kunatia.

Kurudi nilipanda ndege ya Addis Ababa. Ile Sheaffer niliimwaga wino kabisa kabla ya kwenda uwanjani. Hewa ya ndani ya ndege angani ni nyepesi kuliko ya ardhini, kwa hiyo hewa iliyobaki kwenye kifuko hutanuka na kuusukuma wino nje kupitia nibu. Kalamu ya wenzo isafiri ikiwa tupu, au ikiwa imejaa pomoni, nibu ikitazama juu. Nusu nusu ndiyo inayochafua kanzu.

Kalamu ya oda ilifika kwa posta mvua za vuli zikiwa zimeanza. Wenzo unalala sawasawa. Ukipitisha ukucha husikii kingo. Niliipeleka Kariakoo kwa fundi saa mmoja ninayemwamini, si kwa sababu ina tatizo, bali nilitaka mtu wa karibu ajue inavyofunguka kabla ya siku ya shida. Aliivua miwani yake ya kawaida, akavaa ile ya jichoni, akaizungusha kalamu mara kadhaa.

"Hii pete naitoa kwa koleo ya saa," alisema. "Na huu mpira unaagiza wapi?"

Nikamwambia nina vichache vya akiba, na shelaki pia.

"Niachie viwili, mzee. Kuna bwana mmoja wa Upanga aliniletea Sheaffer ya marehemu baba yake, nikamrudishia nikamwambia haina dawa. Kesho nampigia. Nikiiharibu ile, hiyo ni juu yangu. Nikiiponya, nusu ya ufundi ni yako."

"Ufundi wangu gani?"

"Si umeniletea mpira?"

Tukabishana juu ya nusu hiyo mpaka wateja wawili wakapita mbele yangu, nikamwachia vitatu.